Pembe za Kamili

Mgeni aliyefika Tinde akimtafuta Kamili hakuelekezwa njia. Aliambiwa atafute mtu yeyote mwenye alama za duara mabegani, amwulize huyo. Na wenye alama hizo walikuwa tele: wapagazi wa ghala la pamba, wanawake waliopinda migongo kwa palizi, hata katekista, ambaye Jumapili alikemea mambo ya kienyeji na Jumatatu akaja kuinamisha mgongo wake uani kwa Kamili.

Kazi yake ilikuwa kuumika. Alikuwa na pembe za ng'ombe alizorithi kwa baba yake, zimesuguliwa zikawa laini, kila moja imetobolewa kitundu kwenye ncha. Ile kubwa ilikuwa na pengo mdomoni, kwa hiyo iliacha duara lisilofunga, na watu walizoea kutaniana kwamba hiyo ndiyo sahihi ya Kamili. Mgonjwa aliketi kwenye kigoda. Kamili alikosha mahali panapouma kwa maji ya moto, akabandika pembe, akafyonza hewa kwa kile kitundu, kisha akakiziba kwa nta aliyoihifadhi shavuni, kwa ncha ya ulimi tu, bila kidole. Ngozi ilivimba ndani ya pembe. Akaibandua, akachanja kwa wembe chale ndogondogo, akairudisha, na safari hii damu ikaja yenyewe. Alipoibandua mara ya pili damu ilikuwa imeganda kama ini. Aliimwaga juu ya jivu, akaiinamia kwa muda mrefu.

"Nyeusi," alisema. "Hii ilikuwa imelala."

Maana Kamili alikuwa na elimu yake kuhusu damu, nayo ilikuwa imenyooka, haina kona. Damu, kwa jinsi alivyofundishwa, hukaa. Kila kiungo kina yake, kama kila kijiji kilivyo na lambo lake. Ya bega ni ya bega, ya goti ni ya goti, na ya tumbo ni ya tumbo, ndiyo inayomlea mtoto. Ikikaa mno huzeeka, ikawa nzito, ikaleta maumivu. Ukiitoa ile mbovu, kiungo hujitengenezea nyingine. Tusimcheke mapema. Dunia nzima iliwahi kuamini karibu hivyohivyo, na wafalme wa Ulaya walitolewa damu kwa mabakuli na madaktari waliovaa vizuri kuliko yeye. Na watu wa Tinde walipona, au walisema wamepona, na kwa mganga yote mawili ni mamoja.

Yeye na mkewe Bernadina walibakiwa na mtoto mmoja. Wengine walichukuliwa na surua wakiwa wadogo. Aliyebaki aliitwa Limi, na kama kuna mtoto aliyependwa Tinde nzima kuliko huyo, mimi sijamsikia. Kamili, mtu mkimya aliyeweza kukaa na mgonjwa toka kumsalimia hadi kumuaga bila kusema jambo, kwa Limi alikuwa na maneno. Alimwimbia hata alipokuwa msichana mkubwa, mpaka binti mwenyewe akaona haya mbele ya wenzake.

Limi aliolewa na Stanslaus, kijana wa Ushirombo mwenye ulimi mtamu. Mvua zilipokataa mwaka wa sabini na nne na pamba ikakauka ikiwa na vitumba, Stanslaus alifunga virago akaenda upande wa Geita kuchimba dhahabu kwa kujificha, katika mashimo yaliyoachwa na Wazungu. Aliahidi kurudi na cherehani. Hakurudi na cherehani wala hakurudi, na mkewe, akiwa na mimba changa, alijirudia zake kwa wazazi.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Kwa Kamili walikula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, asubuhi michembe na jioni michembe, na mlenda wa kuteremshia. Nyama waliisahau ladha yake. Limi alianza kula udongo wa kichuguu kwa siri, kisha bila siri. Akitoka kisimani alitua ndoo njiani mara kwa mara, yeye aliyekuwa akiwapita wenzake kwa mbio. Halafu miguu ikaanza kuvimba.

"Bhabha," alimwambia baba yake asubuhi moja, kwa namna ya Wasukuma, "moyo unanidunda mpaka masikioni. Nikiinama kufagia naona giza."

Kamili alimketisha, akabonyeza muundi wake kwa dole gumba. Shimo la dole likabaki pale pale kwenye nyama, halikujaa.

"Damu imekujaa miguuni, mwanangu. Imekosa pa kwenda."

"Kliniki wamenipa vidonge. Wanasema ni vya kuongeza damu."

"Kuongeza?" Kamili alimgeukia Bernadina, karibu acheke. "Mtungi umefurika, nao wanaleta ndoo nyingine."

Vidonge vikatiwa kwenye kibuyu, kibuyu kikatundikwa darini. Hakuna aliyemlazimisha Limi. Alivikabidhi mwenyewe, kwa moyo mweupe, kwa sababu aliyesema ni baba yake, na baba yake alikuwa amewaponya watu tangu yeye hajazaliwa.

Siku hiyo Kamili alimuumika kwenye vigimbi, kwa ile pembe kubwa. Alipoibandua alishangaa. Damu haikuwa nyeusi, wala haikuganda. Ilikuwa nyepesi, ya rangi hafifu, kama maji yaliyooshewa nyama. Katika umri wake wote wa kazi hakuwahi kuona kitu cha namna ile. Mtu mzembe angeimwaga akaendelea na mambo yake. Kamili hakuwa mzembe, na hapo ndipo roho inaponiuma kila nikilisimulia hili: aliketi akaifikiri. Aliitazama juu ya jivu, akaigusa kwa kidole, akaifikiri vizuri kabisa, kwa akili yake yote, akafika mahali pabaya. Miguu imejaa maji, alijiambia, na damu imetoka na maji. Basi maji yanatoka. Dawa imeshika njia.

Limi alilala mchana ule miguu ikiwa juu ya mto, na jioni uvimbe ulikuwa umepungua kidogo, kama unavyopungua kwa yeyote anayelala ameinua miguu. Kamili alifurahi mpaka akaimba. Tangu hapo kila siku ya gulio, wateja wakishaondoka, alimketisha binti yake kwenye kigoda akamtoa damu tena, Bernadina akimshikia taa.

"Tumbo sijaligusa," alimwambia Bernadina kwa fahari. "Ya mtoto ipo palepale, salama."

Mwezi wa nane wa mimba Limi alianguka mlangoni. Alikuwa anahema kama aliyekimbia, na midomo yake ilikuwa imepauka ikalingana na viganja. Bernadina ndiye aliyekwenda kusimama barabarani mbele ya lori la pamba, mikono imetanuliwa, mpaka dereva akafunga breki huku akitukana. Walimlaza Limi juu ya magunia. Njia nzima mpaka Shinyanga mjini Kamili alimshikia kichwa, naye Limi alitazama mawingu, akisema mara kwa mara kwamba pamba ni laini, angelala hapo siku zote.

Hospitalini walipokewa na muuguzi wa wazazi aliyeitwa Mektilda, mwanamke mnene mwenye mikono ya haraka. Alivuta chini kope la jicho la Limi, akaona weupe ambapo pangepaswa kuwa na wekundu. Alitoa kitu cha mbao kama pembe ndogo, akakisimamisha juu ya tumbo, akaweka sikio. Kamili alisogea. Pembe aliijua, lakini hakuwahi kuona pembe ya kusikilizia.

"Kuna nini humo, mama?"

"Moyo wa mtoto. Unapiga, ila unachelewa." Mektilda alifunua miguu ya Limi, na mikono yake ya haraka ikasimama. Vigimbi vyote viwili vilikuwa vimejaa duara, duara juu ya duara, lisilofunga. "Ni nani aliyemfanyia hivi?"

Bernadina alimgeukia mumewe.

"Ni mimi," alisema Kamili. "Ni binti yangu."

Muuguzi hakumfokea, na pengine angemfokea ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba mgonjwa anahitaji damu upesi, na damu haiuzwi dukani, hutoka kwa ndugu. Waende maabara wote wawili.

Mle maabara alikuwamo kijana mmoja, Otmar, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa jepesi. Aliwachoma vidole, akachanganya matone yao na ya Limi juu ya kigae cheupe. Tone la Bernadina lilikatika likawa chembechembe, kama maziwa yaliyoharibika. La Kamili lilitulia.

"Ya mzee inamfaa," alisema Otmar. "Lala hapa, baba. Nyoosha mkono."

"Chukua mguuni," alisema Kamili.

"Kwa nini mguuni?"

"Yake niliitoa mguuni. Ya mkono itamsaidia nini? Nirudishie mahali nilipoharibu."

Otmar alimtazama kuona kama anafanya mzaha. Alipoona hafanyi, akamfunga mpira juu ya kiwiko, mishipa ikatuna. Pembeni, Bernadina alikuwa ameketi kwenye benchi, rozari mkononi.

"Tazama, baba, sindano inachemka bado." Otmar aliweka kidole kimoja juu ya mshipa wa Kamili, karibu na kifundo cha mkono, akaukandamiza. Kwa kidole kingine akaufuta mshipa kwenda juu, kuelekea kiwiko. Mshipa ukalala, mtupu. "Juu kumejaa damu. Mbona hairudi kujaza hapa?"

Kamili alitazama. Kweli haikurudi.

"Mna milango humo ndani, inafunguka upande mmoja tu. Sasa naachia kidole cha chini." Akaachia, na mshipa ukajaa mara moja, kutokea upande wa vidole kupanda juu. "Umeona inatoka wapi? Inatoka mkononi inarudi moyoni. Moyo unaisukuma kwenye mapafu ikachukue hewa, ikirudi unaisukuma tena, kichwani, mikononi, hadi kwenye kucha za miguu. Ikishagawa hewa, inarudi kwa mishipa hii. Wewe umelala hapa, na kabla hujamaliza Baba Yetu na Salamu Maria imeshazunguka mwili mzima."

"Yote?"

"Yote. Hakuna inayokaa."

Kamili alijitazama mkono kama mkono wa mtu mwingine. Alifanya mwenyewe, kwa kidole chake kikavu: akakandamiza, akafuta, akaachia. Akarudia. Pembe ngapi zimepita mikononi mwake, migongo mingapi, na hakuwahi hata siku moja kukandamiza mshipa wake kuona damu inatokea upande gani.

"Basi niliyoitoa mguuni..."

Otmar alikuwa kijana, na vijana hawajui kunyamaza kwa huruma. "Ilikuwa hiyohiyo ya moyoni, baba. Na ya kichwani. Ile nyekundu ndiyo inayobeba hewa. Yake imebaki maji, na moyo umekuwa ukiyazungusha maji hayo mbiombio ili yatoshe. Hata uvimbe unatokana na hilo. Haikuwa imejaa. Ilikuwa imekwisha."

"Na ya mtoto? Sikuligusa tumbo."

"Mtoto ana damu yake. Lakini chakula na hewa anavichukua kwenye ya mama, kwenye kondo. Ya mama ikiisha, anachukua wapi?"

Sindano ilipoingia Kamili hakupepesa macho. Damu yake ilishuka kwenye chupa ya kioo, nyekundu iliyokolea, nzuri, ya mtu mzima mwenye afya. Aliitazama ikipanda ndani ya chupa na kwa mara ya kwanza siku ile akapata tumaini. Aliomba wachukue mbili. Otmar akakataa.

Chupa ilitundikwa juu ya kitanda cha Limi mchana huohuo. Tone likashuka, likapumzika, likashuka jingine. Bernadina hakuvumilia.

"Mwanangu, si muifungulie ishuke?" alimwuliza Mektilda. "Mbona mnambania?"

"Mama, moyo umechoka. Ukipewa nyingi kwa mara moja unazama. Hata hivi tunavyofanya tunaogopa."

Ile pembe ya mbao iliwekwa tena tumboni. Mektilda alisikiliza upande huu, akahamia huu, akarudi pa kwanza. Alipoinuka aliitia pembe mfukoni, na Kamili akausoma uso wake.

Limi alifumbua macho, akaufuata mpira kwa macho mpaka juu kwenye chupa.

"Bhabha. Ni yako hiyo?"

"Ni yangu, mayu." Mayu ni mama; ndivyo mtu humwita binti yake anapombembeleza.

"Ina joto," alisema Limi, akatabasamu. "Usimwambie mtu nililia kwenye lori."

"Hukulia."

Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida, na kikawa kinatoa sauti ya maji. Mektilda alifunga chupa, akamwinua, akaita watu. Daktari alikuja, akafanya aliyoyafanya. Nje ya dirisha wauza karanga walikuwa wakiitana kwa kicheko. Limi aliushika mkono wa baba yake kwa nguvu, kisha kwa nguvu kidogo, kisha mkono ukawa wa kushikwa tu. Kamili alikuwa na dole gumba juu ya kifundo cha mkono huo, pale alipoonyeshwa na Otmar. Alihisi ile damu ikipita, yake na ya binti pamoja, ikipita kwa haraka na kwa udhaifu, ikikosea mwendo. Halafu haikupita.

Mwili ulipofunikwa, Mektilda aliishusha chupa. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Kamili alimfuata mlangoni.

"Hiyo inakwenda wapi?"

"Ikishafunguliwa haiwezi kupewa mwingine, mzee. Inamwagwa."

Alisimama akasikia inavyomwagika kwenye karo, na maji yakifunguliwa juu yake.

Walizika Tinde, mama na mtoto ambaye hakuzaliwa, kaburi moja. Arobaini ilipopita, wateja walianza kurudi uani kama kawaida, kila mmoja na bega lake. Kamili aliwaeleza. Alikunja mkono wa shati, akawaonyesha mshipa, akakandamiza, akafuta, akaachia. Waliangalia kwa adabu. Walimwonea huruma, mzee wa watu, msiba umemlegeza akili. Kisha walikwenda upande wa pili wa gulio kwa Kalisti, ambaye Kamili mwenyewe alimfundisha kazi. Katekista alikuwa wa kwanza kwenda.

Pembe alizificha nyuma ya ghala la mahindi ambalo halikuwa na mahindi. Siku moja alizitafuta akazikosa, akadhani mbwa wamezibeba, na akashukuru.

Bernadina hakumlaumu. Alipika, alichota maji, alimwekea ya kuoga. Hakulitaja jina la Limi wala hospitali. Majirani walisema amejaliwa moyo wa subira, naye Kamili aliingoja siku atakayomrukia kwa makucha, aliingoja kama mtu anavyongoja mvua, na haikuja.

Kiangazi kilipoingia, Bernadina alirudi kutoka gulioni, akainama kutua kikapu, na khanga ikamteleza begani. Kamili aliona maduara mawili mabichi, bado mekundu, na hayakuwa yamefunga. Aliijua pembe ile. Alijua pia sasa ni nani aliyeitoa nyuma ya ghala akampelekea Kalisti.

"Mama Limi."

"Bega lilikuwa linaniuma."

"Ulikuwepo. Ulimsikia yule kijana. Damu inazunguka, ya bega ndiyo hiyohiyo ya—"

"Sikumsikia."

"Ulikuwa umekaa kwenye benchi, hatua mbili kutoka kwangu."

Bernadina alijifunika khanga, akaketi kwenye kigoda kile cha wagonjwa. Alisema polepole, bila hasira, kama anayeeleza jinsi ya kupika chakula.

"Ikizunguka, Baba Limi, basi mwanangu ameuawa, na aliyemuua ndiye ninayempikia. Na mimi nilitazama nikamshikia taa. Siwezi kukaa nyumba moja na watu hao wawili, na sina nyumba nyingine ya kwenda. Kwa hiyo haizunguki. Ya bega ni ya bega. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Kamili aliingia ndani, akapasha maji. Akatoka na kitambaa safi, akapiga magoti nyuma yake, kwa sababu chale zilikuwa zimechanjwa vibaya, Kalisti siku zote alikuwa na mkono mzito, na zisipokoshwa zingetunga usaha. Alimkosha taratibu. Dole gumba lake lilipumzika kando ya shingo ya mkewe, na chini yake mshipa ulikuwa unapiga, unapokea na kupitisha, unapokea na kupitisha.

"Haizunguki," alisema Bernadina. Safari hii alikuwa anauliza.

"Haizunguki," alisema Kamili, akachovya kitambaa tena kwenye maji.